Kupiga Kambi na Kulala Nje: Tafakuri ya Mfasiri juu ya Kitenzi Kimoja cha Kiingereza

Katika lugha ya Kiingereza kuna kundi kubwa la vitenzi virai, yaani vile ambavyo kitenzi huandamana na kielezi au kihusishi kifupi, viwili hivyo vikashikamana na kuzaa maana ambayo mtu hawezi kuipata kwa kujumlisha maana ya kila kimoja. Mwanafunzi wa tafsiri hujifunza mapema kuviogopa vile vilivyo vigumu. Azma ya makala haya ni kumtahadharisha kuhusu vile vilivyo vyepesi. Nimechagua kitenzi “camp out”, ambacho kila aliyepitia shule ya sekondari nchini Kenya anadhani anakijua, na ambacho kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikiweka mbele ya darasa langu la uzamili. Sababu ya kukichagua si ya kisarufi pekee. Kitenzi hiki kimewahi kunikuta mahali ambapo kukifasiri vizuri au vibaya kulikuwa na athari kwa watu niliokuwa nao, na tangu hapo sijaweza kukitazama kama mfano wa ubaoni tu.

Tuanze na asili. Neno “camp” liliingia katika Kiingereza kupitia Kifaransa na Kiitaliano, nalo chimbuko lake ni neno la Kilatini campus, lenye maana ya uwanda au uwanja tambarare. Uwanja uliovuma zaidi kwa jina hilo ulikuwa Campus Martius mjini Roma, uwanja wa Mars, mungu wa vita, ambako askari walifanya mazoezi. Kutokana na shina hilohilo lilitoka neno la kampeni, ambalo lilikuwa jina la msimu wa majeshi kuwa nyikani kabla halijawa jina la msimu wa kura. Likatoka pia neno la kampasi, ambalo lilianza kutumiwa kwa maana ya uwanja wa chuo huko Princeton, Marekani, katika karne ya 18. Hivi ni kusema kwamba, kwa mujibu wa historia ya maneno, mwanasiasa aliye kwenye kampeni, mhadhiri aliye kwenye kampasi na askari aliyelala hemani ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa karne nyingi basi neno hili lilikuwa la askari na la wasafiri wasiokuwa na budi. Maana ya burudani ilichelewa kuja. Mnamo mwaka 1908 vilitoka nchini Uingereza vitabu viwili vilivyosaidia kuieneza: The Camper’s Handbook cha Thomas Hiram Holding, na Scouting for Boys cha Robert Baden-Powell, ambaye mwezi Agosti mwaka uliotangulia alikuwa amewapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea wakaishi hemani. Ni Baden-Powell huyuhuyu aliyefariki Januari 1941 na kuzikwa Nyeri. Kwa kazi ya watu kama hawa, kulala hemani kulikoma kuwa shida ya lazima kukawa shida ya hiari: mtu wa mjini, mwenye nyumba na kitanda, anaviacha vyote kwa siku chache ili avionje vile ambavyo maskini wa mashambani havikumpa raha hata siku moja.

Hapa ndipo kile kielezi kifupi cha “out” kinapodhihirisha kazi yake. Kwa maana ya kwanza, kinamaanisha nje. Lakini nje ni dhana inayopimwa kutoka ndani. Anayesemwa kwamba yuko nje hukisiwa kuwa ana ndani yake mahali fulani, mlango alioufunga nyuma yake na ambao ataufungua tena atakaporudi. Kitenzi hiki, katika maana yake msingi, kina nyumba iliyofichika ndani yake. Kwa maana ya pili, kielezi hichohicho kina dhana ya kuvumilia mpaka mwisho, kama inavyoonekana katika “hold out” na “sit out”. Maana hii ndiyo inayotawala tunapoambiwa kwamba waandishi wa habari wame-“camp out” mlangoni pa waziri, au kwamba wapenzi wa tenisi wamefanya vivyo hivyo usiku kucha karibu na uwanja wa Wimbledon ili asubuhi wapate tiketi. Hapo hema si lazima. Kinachohitajika ni kutobanduka. Vijana wa michezo ya kompyuta nao wameongeza maana ya tatu kwa kutumia shina la kitenzi hiki peke yake: mchezaji anayejibanza pembeni akimngoja adui apite husemwa kuwa “ana-camp”.

Mfasiri wa Kiswahili akikabiliwa na maana hizi, jibu la kwanza linalomjia ni “kupiga kambi”. Si jibu baya, na magazeti yetu yamelizoesha. Timu ya taifa hupiga kambi kabla ya mechi. Kiongozi wa chama hupiga kambi katika mkoa fulani akitafuta kura. Hata hivyo, kambi katika sikio la Mkenya haina wepesi wa Brownsea. Kizazi cha babu zetu kililijua neno hili kutoka Manyani na Hola, kambi za kizuizini za wakati wa Hali ya Hatari. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walipigwa wakafa pale Hola. Kizazi changu kimelisikia zaidi kupitia Dadaab, iliyoanza mwaka 1991, na Kakuma, iliyoanza mwaka 1992, ambako watu wamezaliwa, wakaoa na kuolewa, wakajukuu, chini ya jina linalodai kwamba wapo kwa muda tu. Kisha kukawa na kambi za waliofurushwa makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nikisoma sentensi ya Kiingereza kuhusu familia iliyokwenda kulala mtoni wikendi, nikaifasiri kwa kusema imepiga kambi, nimetia kivuli ambacho mwandishi hakukikusudia. Nikifasiri kinyume chake, kivuli kilichokuwepo kinapotea.

Pana pia mtego wa kitenzi chenyewe cha kupiga, ambao huwafurahisha wanafunzi pindi wanapoutambua. Kiingereza kikisema “strike camp”, neno kwa neno ni “piga kambi”. Lakini maana yake ni kung’oa mahema na kuondoka. Yaani pigo la Mwingereza linaivunja kambi, nalo pigo la Mswahili linaisimamisha. Mfasiri asiyekuwa macho atawaacha wasafiri wake alfajiri wakianza kujenga kile walicholala ndani yake usiku kucha.

Kiswahili hakikungoja Kiingereza ili kiwe na maneno ya watu wanaolala mbali na makwao. Kitenzi kutua kilianza kwa mchukuzi anayeushusha mzigo, na kikatuzalia kituo, neno ambalo wasafiri wanalo njiani na washairi wanalo mwishoni mwa ubeti. Mlinganisho huo naupenda sana: msafiri na mshairi wote wawili wana mahali pa kuweka mzigo chini kabla ya kuendelea. Waswahili waliokwenda na misafara ya bara, ambao baadhi ya masimulizi yao yalikusanywa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901 kwa jina la Safari za Wasuaheli, waliujua vizuri ulimwengu huo wa kwenda, kutua na kulala.

Aidha, pana neno dago. Nilipokuwa mtoto kusini mwa pwani ya Kenya, wavuvi kutoka Pemba walikuja msimu wa kaskazi, wakajenga vibanda vya makuti ufuoni, wakavua, wakaanika ng’onda, na pepo zilipogeuka wakafunga vyombo wakaenda zao. Mahali pale tulipaita dago. Hapakuwa na burudani wala vita. Palikuwa na kazi. Hakuna mtoto miongoni mwetu aliyedhani kwamba wale wavuvi hawana makwao, wala aliyedhani kwamba wako matembezini. Neno lenyewe lilitwambia kwa nini wapo.

Nadhani hapa ndipo penye tofauti kubwa zaidi kati ya lugha hizi mbili katika uwanja huu wa maana. Kiingereza kimekusanya matendo mengi chini ya kitenzi kimoja kwa sababu kinatazama mahali na namna mwili ulivyokaa: uko nje, umelala, haubanduki. Kiswahili kinayatawanya matendo hayohayo kwa sababu kinauliza nia. Anayengoja adui anavizia. Anayengoja habari anashinda mlangoni. Anayeomba dua usiku kucha anakesha. Waliofiwa na jamaa zao wanakaa matanga. Wanaziacha nyumba zao, wanalala kwenye mikeka kibarazani na uani kwa siku kadhaa, mpaka siku ya kuondoa matanga. Mgeni apitaye njiani akiwaona watu hao kwa macho ya Kiingereza anaweza kusema wame-“camp out”, na kuhusu miili yao atakuwa amesema kweli. Kuhusu msiba atakuwa hajasema lolote. Hata “kulala nje”, ambayo ndiyo tafsiri ya neno kwa neno, kwetu ina nia yake: mke akisema kwamba mumewe amelala nje, hakuna anayeuliza kama alikuwa na hema.

Niliyasema haya darasani kwa muda kama mambo ya nadharia. Kisha mamangu akaugua. Alilazwa siku 19 katika hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja, mbali na nyumbani. Jamaa za wagonjwa waliotoka mbali na wasiokuwa na mahali pa kulala mjini walitandika leso na maboksi chini ya banda lililo karibu na lango. Mimi nilikuwa na chumba cha kupanga, lakini usiku mwingi nililala pale pamoja nao, kwa kuwa ni usiku ndipo muuguzi alipotoka na karatasi ya dawa iliyokosekana wodini, na asiyekuwepo mgonjwa wake alingoja mpaka asubuhi. Asubuhi tulipeleka uji katika themosi, tukafua nguo, tukazunguka kwenye maduka ya dawa.

Usiku mmoja askari wa lango alikuja na tochi kutufukuza. Alisema na bibi mmoja mzee, aliyekuwa akimuuguza mjukuu wake.

“Mama, hapa si kambi. Tokeni.”

“Mwanangu,” bibi akamjibu, “kambi nimepiga wapi? Mimi nauguza.”

Kijana yule alinyamaza kidogo. Kisha akatwambia tusogee nyuma ya tangi la maji, ili msimamizi wake akipita asituone. Sidhani kwamba alishindwa kwa hoja. Alishindwa na neno. Kuuguza, kutokana na kuugua, ni kitenzi chenye watu wawili ndani yake, mgonjwa na aliye naye. Na mtu yeyote aliyelelewa katika lugha hii anajua kwamba anayeuguza hafukuzwi. Kwa kumkatalia askari jina la kambi, bibi alikuwa amemrudisha katika jamii ambayo yeye mwenyewe alitoka.

Wiki iliyofuata, bango la Kiingereza lilibandikwa langoni. Liliwakataza jamaa za wagonjwa ku-“camp out” katika eneo la hospitali. Bibi akaniomba nimsomee. Nilisimama pale, mtu mwenye shahada ya uzamifu, nikilitafuta neno. Nikasema, “Bibi, wanasema tusilale hapa.” Akalitazama bango, akasema, “Basi waseme na tusiuguze.” Hakukuwa na nyongeza ya kutia. Bango lilikuwa limeandikwa na mtu ambaye hakuwa na ukatili, kwa kitenzi kilichomruhusu asione alichokuwa akikikataza. Angelazimika kukiandika kwa Kiswahili, angalau kalamu ingemkwama.

Msomaji anaweza kusema kwamba nimelibebesha bango dogo mzigo mkubwa. Hebu basi tutazame mahali ambapo kitenzi hiki kimepimwa na majaji. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi iliyohusu kundi la watetezi wa wasiokuwa na makao mjini Washington. Kundi hilo lilikuwa limeruhusiwa kusimamisha mahema katika bustani ya Lafayette, mkabala na Ikulu, na katika uwanja wa Mall, ili kuonyesha hali ya maskini wakati wa baridi. Kusimamisha mahema kuliruhusiwa. Kulala ndani yake kukakatazwa, kwa hoja kwamba kulala ndiko kupiga kambi. Waandamanaji walidai kwamba kulala kwao ni kauli, kwa kuwa ndiko kulikokuwa ujumbe wenyewe. Majaji saba dhidi ya wawili waliipa serikali ushindi. Mhakiki wa fasihi hawezi kuisoma kesi hii bila kutambua kwamba ni kesi ya uhakiki: je, mtu aliyelala ni ishara au ni mwili tu?

Miaka 40 baadaye, tarehe 28 Juni 2024, mahakama hiyohiyo ilitoa uamuzi kuhusu mji wa Grants Pass katika jimbo la Oregon. Sheria za mji huo zilimtoza faini ya dola 295 mtu aliyepiga kambi katika ardhi ya umma, na kambi ilifafanuliwa kwa upana hata blanketi la kulalia likatosha. Majaji sita dhidi ya watatu walisema kwamba sheria hizo hazivunji katiba, kwa kuwa zinaadhibu tendo wala si hali ya mtu. Ili kulithibitisha hilo, Jaji Neil Gorsuch, aliyeandika uamuzi, alitaja watu watatu: asiyekuwa na makao, msafiri wa likizo aliyebeba shanta, na mwanafunzi aliyetoka bwenini akalala kwenye nyasi za jengo la serikali ya mji ili kuandamana. Wote watatu, alisema, sheria inawatazama sawa. Na kwa huyo wa tatu alitumia kitenzi chetu hiki, “camp out”.

Nimewapa wanafunzi wangu aya hiyo waifasiri, na kila mara matokeo huwa yaleyale. Kwa Kiswahili usawa ule haukai. Wa kwanza analala nje kwa kuwa hana ndani. Wa pili ametua, yuko safarini. Wa tatu anagoma, au anakesha kwa ajili ya jambo. Mfasiri akitaka kuwaweka pamoja lazima awafungie wote ndani ya “kupiga kambi” kwa nguvu, na hapo sentensi inamsaliti, kwa maana yeyote anayeisoma anaona kwamba mmoja wao hakupiga kitu. Jaji Sonia Sotomayor, aliyeupinga uamuzi huo, alishikilia kwamba usingizi ni hitaji la mwili na si kosa. Anatole France alikuwa amekwisha kuukejeli usawa wa namna hii katika riwaya yake ya mwaka 1894, aliposema juu ya sheria inayowakataza matajiri na maskini kwa pamoja kulala chini ya madaraja. Sidai kwamba uamuzi wa Washington ungekuwa tofauti kama majaji wangesema Kiswahili. Sheria za kwetu zilizokopwa kwa wakoloni ziliwaadhibu wazururaji vilevile. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba kitenzi kilichosahau ile nyumba iliyo ndani yake kilirahisisha hoja isiyopaswa kuwa rahisi.

Wala isidhaniwe kwamba Kiingereza kina hatia daima. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, walianza mgomo wa kutokula katika pembe ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Tarehe 3 Machi, siku ileile ya mwezi waliyouawa wafungwa wa Hola miaka 33 kabla, polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya machozi, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele yao. Baadaye walihamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo takriban mwaka mzima, mpaka wengi wa wana wao walipoachiliwa. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo. Leo nikiulizwa ni kitenzi gani cha Kiingereza kinachowafaa wale mama, nitasema hikihiki, kwa ile maana yake ya pili, ya kutobanduka mpaka mwisho. Kwa Kiswahili nitasema waliwakeshea wana wao. Kielezi cha Kiingereza kinatueleza walikuwa wapi na kwa muda gani. Mnyambuliko wetu wa kutendea unatueleza walikuwa pale kwa ajili ya nani. Tafsiri njema ya kisa kile inahitaji vyote viwili, na huenda ikahitaji sentensi mbili mahali pa kitenzi kimoja.

Kwa hiyo, mwanafunzi anapokutana na kitenzi hiki, namtaka ajiulize mambo matatu kabla hajafungua kamusi. Je, mtu huyu ana nyumba ya kurudia? Je, yuko nje kwa hiari yake? Na je, yuko pale kwa ajili ya nani? Akishajibu, huenda akaandika kupiga kambi, au kutua, au kukesha, au kulala nje, au kuuguza. Simpunguzii alama kwa kuchagua hili badala ya lile. Nampunguzia akishindwa kunieleza ni nani aliyelala pale, na alimlalia nani.